Beti Tisa Nilizozikata

Nilikwenda Newala kuomba radhi. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akadhani nilikwenda kutembea, kwani wenzangu wa ofisini hapa Morogoro waliponiona nafunga begi walinitakia mapumziko mema, nami sikuwasahihisha. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili haoni raha kutangaza kwamba ameharibu kazi na sasa anaifuata alikoiharibia.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vidogo, vingi vya mashairi. Mwaka juzi mwalimu mmoja wa Masasi, jina lake Salima, alinitumia sauti alizomrekodi mama yake kwa simu. Mama huyo ni mkulima wa kijiji kimoja cha Newala. Hana shule zaidi ya madarasa manne, lakini alikuwa akitoa beti ambazo zilinifanya niache chai ikapoa. Kuna mstari mmoja niliuandika ukutani juu ya meza yangu: "Mbegu huzikwa gizani, wala haiwekwi tanga." Nikamwambia Salima kwamba kitabu lazima kitoke.

Nikaandika zote, nikazipanga, nikapunguza. Hapo penye kupunguza ndipo nilipojikwaa. Ndani ya shairi refu la palizi mlikuwa na beti tisa za majina: Mama Rehema hivi, Mama Halima vile, kila mmoja na sifa yake ya kushika jembe. Niliona ni marudio. Nikapitisha kalamu, na nakumbuka vizuri kwamba siku ile nilijipongeza kwa kuwa na jicho kali.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Salima akanipigia. "Mama Agnes," akasema, "kitabu kimefika. Lakini mama yuko shambani peke yake, na nyasi zimemfika magotini."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo ningeuliza mapema ningeliokoa nauli. Mama yake aliwahi kuanguka kutoka kwenye mkorosho akipunguza matawi. Nyonga ilivunjika, ikaunga vibaya, na tangu hapo hawezi kuinama kulima. Lakini yumo katika kikundi cha wanawake kumi wanaolima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wenzake tisa hushika majembe, naye husimama kichwani mwa shamba na kutoa beti, mmoja kwa kila anayelima. Zamu yake ikifika, wote tisa huenda kwake. Jembe lake ni mdomo, na wamelihesabu kuwa jembe kwa miaka yote hiyo.

Basi kitabu kilipofika wakakaa wasomewe. Kila mmoja akatega sikio apite yeye. Hakupita hata mmoja. Wakasema Mama Salima amewatumia, na alipoona jina lake limepakwa rangi kwenye jalada akawatupa. Yeye akawaambia aliyekata ni mhariri. Wakamuuliza mhariri ni nani, anakaa wapi, nani amewahi kumwona. Wakaamua kwamba mhariri ni kisingizio. Palizi ilipoanza, zamu ya Mama Salima wakairuka.

"Ufuta wake ukimezwa na nyasi mwaka huu hana kitu," Salima akamaliza. Nikakata tiketi siku ileile.

Alfajiri ya Alhamisi niliondoka Mbagala kwa basi la Masasi, baada ya kulala kwa mpwa wangu. Mkobani nilikuwa na zile beti tisa nimezipiga chapa upya kwa herufi kubwa, kila ubeti karatasi yake, nikiamini kwamba nitazigawa, nitasema samahani, na Jumamosi nitakuwa njiani kurudi. Tulivuka Rufiji jua likichomoza, maji yamejaa hadi kwenye matete. Tangu Nangurukuru mvua ilitufuata, ikikaa kidogo, ikirudi. Mnazi Mmoja ya Lindi tuliacha barabara ya Mtwara tukashika ya Masasi, na kuanzia hapo kila upande ni mikorosho na mahindi mabichi ya kimo cha paja. Nilitazama wanawake walioinama mashambani nikajisikia vibaya, kwa sababu kila shamba sasa nililiona lina mtu wa kusifiwa.

Alasiri, Nanganga, basi lilisimama watu wakachimba dawa. Nilinunua korosho za kukaanga kwa mama mmoja mwenye kibanda kando ya barabara. Akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia Newala, kwa mama mmoja mtunzi wa mashairi.

"Mama Salima?" akasema. "Yule wa majina?"

Nikamuuliza kwa nini wa majina.

"Si ndivyo anavyojulikana? Dada yangu ameolewa kule. Ukilima na Mama Salima unarudi nyumbani na jina. Dada yangu ubeti wake tunao mpaka huku, watoto wanamtania nao."

Nilipanda basi na korosho zangu nisile hata moja. Mtu wa Nanganga, asiyewahi kumwona yule mama, alijua kitu nilichokikata kuwa ndicho chenyewe.

Magharibi tuliingia Masasi, vilima vyake vya mawe vimelowa vinang'aa. Salima alinipokea stendi akanipeleka kwake Lisekese kwa pikipiki mbili. Ni mwanamke mpole wa miaka thelathini na kitu, na alinikarimu kwa ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Hakunilaumu hata neno. Ningependa angenilaumu. Tulipomaliza kula nikamwomba asubuhi anisindikize.

"Hapana, Mama Agnes. Nikienda na wewe watasema nimeokota mtu mjini nikamfundisha aseme yeye ndiye mhariri. Nenda mwenyewe. Uso wako unaonyesha una hatia, watakuamini."

Ijumaa asubuhi nilipanda gari ndogo kwenda Newala. Barabara inakwenda tambarare, kisha inaanza kupanda ukingo wa uwanda wa Makonde, na hewa inabadilika, unafunga kifungo cha juu bila kufikiri. Juu kule udongo ni mwekundu wenye mchanga, na nyumba nyingi zina mifereji ya bati inayoshusha mvua kwenye visima vya saruji, maana maji ya chini yako mbali mno. Mjini nilichukua bodaboda mpaka kijijini. Dereva alinishusha penye njia ya miguu akaninyoshea kidole: "Pale penye nyasi nyingi kuliko wenzake."

Nilimkuta Mama Salima kichwani mwa shamba, ameegemea fimbo. Ni mrefu, mwembamba, kitenge chake kimefungwa juu kwa ajili ya umande. Mbele yake ufuta ulikuwa umechungulia mistari mistari, na mahindi na mbaazi pembeni, lakini nyasi zilikuwa zimezidi vyote. Alikuwa amepalia kipande kidogo kwa kukaa chini na kujiburuza. Niliona alama ya kujiburuza kwenye udongo. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye kalamu?"

"Ndiye mimi."

Akanitazama kuanzia viatu. "Nilidhani ni mwanamume," akasema. "Karibu. Umekuja mbali kuona nyasi."

Nilimwomba radhi palepale, nimesimama, begi mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba beti zake zile nilizoziacha kitabuni ni nzuri, anazikubali, lakini hizo huzitunga akiwa peke yake anapomenya muhogo, na za majina ndizo anazoishi nazo. "Mimi siwezi kumwambia ntu nipe mgongo wako siku nzima halafu nimpe kimya," alisema. "Hata wewe usingekubali."

Nikamwonyesha karatasi zangu. Akazishika, akazipima kwa mkono, akanirudishia.

"Karatasi ndiyo iliyotugombanisha. Huku ukimkosea ntu wa zamu, unamfuata shambani kwake na jembe, unalima ngwe. Nenda kwa Mama Rehema. Yeye ndiye mwenyekiti, na yeye ndiye aliyeumia kuliko wote, maana alikuwa wa kwanza kunishika mkono nilipovunjika."

Saa tisa nilikuwa uani kwa Mama Rehema. Ni mfupi, mnene wa mabega, na alikuwa akianika ubuyu wa mtu mwingine huku akimgombeza mwenye ubuyu kwa kuuacha ulowe. Nikajitambulisha kwa jina na kazi, na kwamba kwetu ni Songea.

"Mngoni!" akapiga kofi. Nikajua nimekwisha, maana Wangoni na watu wa kule ni watani tangu vita vya zamani, na mtani hana huruma. "Babu zenu walikuja na mikuki, tukawaona wanakuja, tukakimbia. Wewe umetuchoma na kalamu ukiwa hukohuko Morogoro. Hata nafasi ya kukimbia hukutupa."

"Nimekuja kuichomoa, mtani."

"Kumbe mhariri ni ntu kweli." Kicheko kikamtoka usoni taratibu. Akakaa. "Sikiliza, Mama Agnes. Mimi nimezaa watoto sita, nimezika wawili. Nimelima tangu nina miaka saba. Hakuna aliyewahi kusema kwa sauti kwamba ninalima vizuri, ila yule. Niliposikia kuna kitabu nilivaa kanga mpya kwenda kusikiliza. Kanga mpya! Nikakaa mbele. Wakasoma mpaka jalada la nyuma."

Machozi yalinitoka nikayaacha, na yeye akayaona, akageuka kutazama ubuyu.

"Kesho ni zamu yangu," akasema. "Njoo kwangu ulime. Na hizo beti uzitoe kichwani, kila ntu kwenye ngwe yake. Bila karatasi. Kama ulikuwa na kichwa cha kuzikata, uwe na kichwa cha kuzishika."

Jioni ile kwa Mama Salima nilikariri kama mtoto wa madrasa. Alipika mihogo mibichi, akawa ananisahihisha kutoka jikoni. Nilikosea Mama Halima na Mama Zuhura mara tatu, nikiwapa sifa za kila mmoja mwenzake, akaniambia nikifanya hivyo kesho nitapigwa.

Jumamosi, kabla jua halijaanza kuchoma, wanawake tisa walikuwa shambani kwa Mama Rehema wananisubiri. Wakanipa jembe na ngwe yangu, yaani ukanda wa kulima uliopimwa kwa hatua. Niliomba nianze na mwenye shamba. Nikasimama mbele ya Mama Rehema, nikatoa:

"Mama Rehema wapenda, kulima pasi kuhema,
Hata jua likipanda, jembe halijasimama,
Magugu yatakushinda? Hayajazaliwa, mama!
Shamba langu umelinda, jina lako nalisema."

Aliinama akaanza kulima, na alilima hasa. Nikaenda kwa wa pili, wa tatu, na kati ya ubeti na ubeti nililima kipande changu. Hapo ndipo kilipoanza kicheko, kwa sababu nilikuwa nang'oa mbaazi nikizidhani magugu. Mche mchanga wa mbaazi na yale magugu yao vinafanana kwa mtu wa ofisini. Mama Zuhura alinifuata nyuma akipanda upya nilizozing'oa, akiniuliza kama hata vitabu nahariri hivi. Nilimwambia ndiyo, ndiyo maana nipo hapa. Wakacheka tena, na safari hii nilicheka nao.

Wa sita alikuwa Mama Halima. Nilitoa mstari wa kwanza, wa pili, halafu kichwa kikawa cheupe kabisa. Nilisimama na jembe mkononi, jasho linaingia machoni, nikitafuta neno. Mama Halima aliniangalia kwa uso wa mtu anayerukwa mara ya pili.

Mama Rehema akaukamata mstari wa tatu bila kuinua mgongo. Mwingine akaudaka kutoka ngwe ya mbali, kisha wote, sauti tisa, wakaumalizia mstari wa nne majembe yakiwa yanashuka pamoja. Mama Halima mwenyewe aliimba jina lake. Walizijua zote. Walikuwa nazo vifuani muda wote waliokuwa wamenuna, na nadhani ndipo walipogundua hilo, maana baada ya hapo hakuna aliyenisubiri tena mimi. Waliotaka beti walizianza wenyewe, na za wenzao pia, na kazi ikaenda mbio mpaka nikaachwa nyuma na ngwe yangu yenye mabaka ya nyasi.

Saa tano shamba la Mama Rehema lilikuwa limekwisha. Alifuta jembe lake kwa nyasi, akaliweka begani.

"Kuna zamu tuliiruka," akasema, hakumtaja mtu.

Tukatembea kwa mstari, njia nyembamba, mimi wa mwisho. Mama Salima alitusikia kabla hajatuona. Alikuwa amekaa kwenye kile kipande chake alichokuwa akijiburuza, na alipowaona alijaribu kusimama haraka, fimbo ikamponyoka, Mama Rehema akatupa jembe akamdaka mkono. Walishikana hivyo kidogo, wakisemeshana kwa Chimakonde mambo ambayo hayakunihusu. Kisha Mama Rehema akamwinua, akampeleka mpaka kichwani mwa shamba, akamweka pale panapomstahili.

"Haya, sema," akamwambia. "Tusilime kama bubu."

Wakapima ngwe, Mama Zuhura akimsimulia Mama Salima jinsi nilivyong'oa mbaazi, na nilipodhani nitapumzishwa, wakanipimia na mimi. Mama Salima akakohoa, akatazama juu, na ubeti wa kwanza alioutoa siku ile haukuwa wa yeyote kati ya wale tisa:

"Mngoni kaja na jembe, nalo halikumjua,
Akanywa maji kikombe, kila akiona jua,
Mbaazi zangu ziombe, asije kuziparua,
Mwacheni leo atambe, majina kayafukua."

Mama Zuhura alikaa chini kwa kucheka. Mimi niliinama nikalima ufuta kwa uangalifu ambao sijawahi kuuweka katika kitabu chochote, nikitenga kila mche kwa vidole. Hadi adhuhuri walikuwa wamevuka nusu ya shamba. Wakaahidiana kumaliza Jumapili alasiri, Wakristo watakapotoka kanisani, na walimaliza. Nilikuwepo. Viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge, sikuweza hata kufunga zipu ya begi, Mama Halima ndiye aliyenifungia.

Jumatatu nilishuka Masasi. Salima alivitazama viganja vyangu akaenda kuchemsha maji ya chumvi. Jumanne nilikuwa kwenye basi, nikipita Nanganga bila kushuka, nikiwa na kazi ya kufanya kichwani. Chapa mpya ilitoka mwezi wa sita. Zile beti tisa zimo, mahali pake, katikati ya shairi la palizi, na ule wa kumi unaonihusu umo pia kwa amri ya mwenyekiti, hakuna herufi iliyoguswa.

Nimehariri miaka ishirini nikiuliza kila shairi lina uzuri gani. Sasa kabla sijashika kalamu nauliza linafanya kazi gani, kwa nani, na nani atabaki peke yake nikilikata. Sikujifunza hilo kwa akili nyingi, nimejifunza kwa malengelenge.

Wiki iliyopita simu iliita nikiwa mezani. Alikuwa Mama Rehema. Ufuta wa Mama Salima umevunwa, akasema, na wanawake wote walikwenda kuupiga. Kitabu kipya kimefika, lakini Salima yuko Masasi na kijijini hawana msomaji mwingine.

"Mimi nipo ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi na nne."

"Nisomee."

Nikamsomea. Nikasikia kuku wake na mtu akitwanga.

"Tena," akasema.

Nikamsomea tena, polepole. Alipumua kwa nguvu, halafu akaita watu waje karibu na simu, nikawasikia wakisogea, wakivuta vigoda.

"Sasa, mtani," akasema, "tusomee ule wako. Kwa sauti, wenzako huko ofisini nao wausikie."

Nikasimama, nikausoma wote.